Kizuka wa waridi hasomi mkono wako

"Asalaam aleikum, fundi. Nina kibanda cha gemu huku Kisauni, Mombasa: pleistesheni tatu, na kabati moja la zamani la kuchezea umesimama, nililonunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Ndani lina bodi ya gemu 60, na watoto wanapigania Pac-Man, yule jamaa wa mdomo anayekula punje ndani ya mzingile huku vizuka wanne wakimfukuza. Mimi mwenyewe nina miaka 41, na usiku nikishafunga hukaa nikacheza. Sijawahi kupita raundi ya tano. Yule kizuka wa waridi hunitangulia kila ninakokwenda, utadhani mashine inausoma mkono wangu kabla sijaukunja. Mara nyingine nakunja kona na jamaa hakunji, anakwenda moja kwa moja mdomoni mwa adui. Wateja wameanza kusema mashine imechezewa ili imeze sarafu zao. Mwanangu wa miaka 12 amekariri njia ya raundi ya kwanza kutoka kwenye video, na inamfaa, lakini kwenye Ms. Pac-Man haifui dafu. Ananiuliza pia kama gemu hii ina mwisho. Kioo nacho kimeanza kutikisika, nataka kukifungua nikitengeneze mwenyewe. La mwisho, dogo tu: nikigusa mlango wa chuma wa sarafu nikiwa peku, nasikia kama sisimizi wananitembea vidoleni."

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo mengi, na lile uliloliweka mwisho ukaliita dogo ndilo ninaloanza nalo, maana hayo mengine yanaweza kungoja hata Ramadhani ijayo. Wale si sisimizi. Ni umeme uliopanda kwenye chuma cha kabati ukitafuta njia ya kushukia ardhini, na njia uliyoupa ni wewe. Lichomoe kabati leo hii, plagi itoke ukutani kabisa, usitosheke na kuzima swichi, na lisirudishwe mpaka aje fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Mara nyingi kisa huwa ni waya wa arthi uliokatwa zamani, au kuna mtu aliyeitoa plagi ya miguu mitatu akafunga ya miwili. Kifaa cha ndani kinachobadilisha umeme huvujisha kidogo kwenye chuma, hilo ni kawaida, na arthi ikiwepo mvujo huo unateremka hapana anayejua. Isipokuwepo, unamngoja atakayegusa. Leo ni mnyeo wa vidole. Siku mtoto atakapoingia ametoka mvuani, miguu imelowa, sakafu ya simiti, sitaki hata kuandika.

Mwambie fundi apime kwanza arthi ya soketi ya ukutani ndipo alilaumu kabati, kwani vibanda vyetu vingi vimeungwa nyaya na binamu wa mwenye nyumba. Muulize pia kama kabati lilitoka ng'ambo. Mashine za Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na za Japani kwa 100, zetu ni 240, na nimeona zilizochomekwa bila transfoma kwa imani tu.

Kioo usikifungue. Hivi vioo vya zamani vyenye mgongo mnene huhifadhi maelfu ya volti ndani hata baada ya kuchomolewa, na mwenye kuvizoea huvitoa umeme huo kwa njia maalumu kabla hajapeleka mkono. Kutikisika huko aghalabu ni kapasita zilizochoka, vipuri vya bei ndogo, na wazee waliokuwa wakitengeneza televisheni za mgongo bado wapo mjini. Wakikosekana, bodi nyingi za gemu 60 zina tundu la kuunga kioo cha kawaida cha kompyuta. Wapenzi wa mambo ya kale watalia, lakini mtoto wa Kisauni hataona tofauti yoyote.

Sasa tuje kwa huyu wa waridi.

Nilipokuwa kijana nilimaliza sarafu zangu zote kwenye mashine kama hiyo, katika hoteli moja ya ufuoni ambayo hata kuingia kwenyewe tuliingia kwa kujipenyeza, na nikaapa kwamba mwenyewe kafunga kitu ndani. Miaka mingi baadaye, nilipofungua kabati la kwanza kwa mikono yangu, jambo la kwanza nililofanya ni kukitafuta kile kitu. Nilikuta bodi yenye prosesa ya Z80, mapigo kama milioni tatu kwa sekunde, ambayo hesabu zake zote zingekaa kwenye pembe ya simu yako wala usizione. Mashine ya namna hiyo haina nafasi ya kukusoma. Ina sheria chache tu, na inazifuata bila kuchoka. Ni kama bao. Yule mzee anayekufunga kila jioni barazani hayajui mawazo yako. Hakuna dadu wala bahati pale, kete zote ziko wazi mbele yenu, ila yeye anazihesabu na wewe unazitazama.

Basi tuhesabu. Kwa macho ya mashine, kioo kizima ni ukurasa wa daftari la hesabu: miraba 28 kwenda upande, 36 kushuka chini. Kila kizuka, kwa kila wakati, ana mraba mmoja anaoulenga. Akifika njia panda hujiuliza swali moja tu: kati ya njia zilizo wazi mbele yangu, ni ipi itakayoniweka karibu zaidi na mraba wangu nikipima kwa mstari ulionyooka? Anaichukua, basi. Hapangi safari, wala haruhusiwi kugeuka kurudi alikotoka. Mfikirie mgeni aliyepotea Mji wa Kale anayetaka kufika msikiti wa Mandhry, hana wa kumuuliza, anauona mnara tu juu ya mapaa. Kila penye njia panda atafuata kichochoro kinachoelekea mnarani, hata kama kichochoro hicho kitamzungusha nyuma ya nyumba za watu na kumtoa alikoanzia. Vizuka ndivyo walivyo. Ukiona kizuka amekukaribia kisha akaingia njia ya kumpeleka mbali, usimshukuru Mungu kwa muujiza. Alipima kwa mstari ulionyooka na ukuta ukamkatiza.

Tofauti yao wanne ni mraba wanaoulenga, na hapo ndipo akili yote ya gemu ilipo. Toru Iwatani, kijana wa miaka 25 aliyeiongoza kazi hii kwa kampuni ya Namco mwaka 1980, hakutaka wote wanne wafuatane msururu nyuma ya mchezaji. Kwa hiyo kila mmoja akapewa tabia yake, na kwenye mashine za Kijapani tabia hizo ziliandikwa kabisa kama majina.

Mwekundu, Blinky, ndiye mfukuziaji. Mraba wake ni ule ulioukanyaga wewe, hana siri.

Wa waridi, Pinky, kwa Kijapani tabia yake iliitwa Machibuse, yaani mwoteaji, mtu wa kukungoja mbele. Mraba wake si wako. Ni wa nne mbele yako, kule mdomo wako ulikoelekea. Rudia hapo polepole: mdomo wako. Mkono wako haujui wala hauhitaji kuujua. Tuseme umeshika ile njia ndefu ya chini kabisa, unakwenda kulia, punje zimejipanga, raha mustarehe. Kila hatua unayopiga, mraba wake unasogea mbele hatua moja, na kwa kuwa njia ile ni ndefu na wewe hukunji, yeye ana muda wote wa kuteremka kwa juu na kuingia kwenye kona unayoiendea. Unafika, mko uso kwa uso, unasema kanisoma. Wewe ndiye uliyemtangazia safari nzima, kama tuktuk iliyowasha indiketa tangu Bombolulu.

Dawa yake sasa, ambayo watu wengi hawaiamini mpaka waione. Akija mbele yako uso kwa uso, na kati yenu kuna njia panda ambayo yeye hajaifikia, mwendee. Mraba wa nne mbele yako utakuwa umeangukia nyuma ya mgongo wake. Kurudi nyuma hawezi, kwa hiyo akifika kwenye ile njia panda mara nyingi ataona njia ya pembeni ndiyo inayomkaribisha na shabaha, naye ataingia huko akuachie barabara. Kwa mtazamaji ni kama umemtisha. Lakini angalia: kama kati yenu hakuna njia panda, hana pa kuingia, na ushujaa wako utaishia hapo hapo. Jaribu raundi ya kwanza, usiku, kibanda kimefungwa, maisha yawe ya kuchezea.

Na kuna kasoro ndani yake ambayo nampenda nayo. Ukiwa umeelekea juu, hesabu yao ya miraba minne mbele inavuja kwa sababu ya kosa la waandishi wa programu, na mraba unakuwa minne juu pamoja na minne kushoto. Kosa hilo limebaki kwenye mashine hizo tangu mwaka 1980. Maana yake kwako ni kwamba ukipanda juu, wa waridi anakuotea upande wa kushoto wa njia yako, kwa hiyo kukunja kulia huwa salama zaidi kuliko kukunja kushoto.

Wa samawati, Inky, ndiye mgumu wa kumweleza. Chukua kamba. Ncha moja mfunge kizuka mwekundu. Ivute mpaka mraba wa pili mbele ya mdomo wako, kisha iendeleze kwa mstari uleule, urefu uleule mara nyingine. Pale ncha inapoishia ndipo anapolenga. Kwa hiyo mwekundu akiwa mbali nawe, samawati analenga mbali huko upande wa pili, haeleweki. Mwekundu akikukalia mgongoni, kamba inafupika na samawati anakuja pale pale ulipo, na hapo ndipo unapobanwa mbele na nyuma. Watu humwita kigeugeu. Mimi namwona mtumwa wa mwekundu: ukitaka kumjua, mtazame mwenzake.

Wa chungwa, Clyde, akiwa mbali nawe zaidi ya miraba minane hukufuata kama mwekundu. Akiingia ndani ya minane, anaingiwa na hofu na kugeukia pembe yake ya chini kushoto. Huua watu wengi kwa bahati mbaya, kwani ukiwa unakula kwenye pembe hiyo hiyo, njia yake ya kukimbia inapita juu yako.

Juu ya hayo yote kuna saa. Umewahi kuona wote wamegeuka ghafla kwa pamoja, ukadhani umewashinda? Hukuwashinda, saa imegonga. Raundi ya kwanza huanza kwa sekunde 7 za kutawanyika, ambapo kila mmoja huelekea pembe yake: mwekundu juu kulia, waridi juu kushoto, samawati chini kulia, chungwa chini kushoto. Halafu sekunde 20 za kukufukuza. Tena 7, tena 20, halafu 5, na 20, na 5 za mwisho, kisha ni kufukuzwa tu mpaka raundi iishe au ufe. Kila badiliko la saa huwageuza nyuma, isipokuwa saa husimama wakati wamekuwa wa buluu kwa sababu umemeza tembe kubwa, ile inayokupa muda mfupi wa kuwala wao. Zile sekunde za kutawanyika ndizo za kwenda kula sehemu ngumu. Wengi huzitumia kupumua.

Ninakushauri hivi: kabla ya kutaka alama, kaa na raundi ya kwanza siku tatu nne, mtazame kizuka mmoja kwa siku. Leo mwekundu tu. Kesho waridi tu. Utakufa sana, na utakuwa unajifunza.

Sasa hiyo raundi ya tano. Hujarogwa, ukuta upo kweli, na nadhani ndio unaowafanya wateja wako waseme mashine imechezewa. Raundi ya kwanza wewe unakwenda kwa asilimia 80 ya kasi kamili na vizuka kwa 75. Lakini kila punje unayokula inakusimamisha kidogo mno, hata ukipita kwenye punje mfululizo kasi yako ni kama 71. Njia iliyokwisha kuliwa ni lami, yenye punje ni mchanga. Ndiyo maana kizuka aliyekuwa mbali nyuma yako anakusogelea ukiwa unakula, na anaachwa ukiingia kwenye njia tupu. Kuanzia raundi ya tano, wewe unapanda hadi 100, wao hadi 95, na ukiwa unakula unashuka hadi 87. Ile tofauti ya nne imekuwa nane. Papo hapo, muda wa buluu ambao ulikuwa sekunde 6 kwenye raundi ya kwanza, kisha 5, 4, 3, sasa ni 2 tu. Mtu aliyezoea kumeza tembe akazunguka kuwakusanya wote wanne kwa alama 200, 400, 800 na 1600, hapa anamfikia mmoja, akimwendea wa pili amekwisha rudi rangi yake.

Kuna na jingine linalotokea kimya kimya. Punje zikipungua, mwekundu huongeza kasi. Katika raundi ya tano, zikibaki 40 anafikia kasi yako kamili, na zikibaki 20 anakupita, asilimia 105. Hiyo ndiyo hisia ya kwamba mwishoni mwa raundi mashine imekasirika. Kwa hiyo usiache punje za mwisho zikiwa zimetapakaa pembe zote nne. Maliza kwanza pembe za chini na sehemu za kubana, uache kipande kimoja kilicho karibu na handaki la pembeni, lile la kuingia upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili. Kwenye handaki vizuka hushuka hadi nusu ya kasi, na wewe hupungui hata chembe. Na ukifukuzwa katikati, kumbuka vile vichochoro viwili vya kupanda juu, kushoto na kulia ya pale unapoanzia, na vingine viwili juu kidogo ya nyumba yao. Vizuka wasipokuwa wa buluu hawaruhusiwi kupanda juu kwenye makutano hayo manne. Wewe unapanda, anayekufuata inambidi apite.

Ukiivuka ya tano, ya sita inakurudishia sekunde 5 za buluu. Watu wachache hufika kuijua zawadi hiyo.

Kuhusu kuchezewa: mwenye mashine anaweza kuchagua idadi ya maisha na alama ambazo mchezaji anapata maisha ya ziada, ambazo kwa kawaida ni 10,000. Hayo ni halali na tangu zamani yapo. Baadhi ya bodi zenye gemu nyingi pia zina toleo lililoharakishwa, ambamo wewe unakimbia mara dufu. Hebu tazama kwenye menyu ya ndani uone bodi yako imewekwaje, na ubandike karatasi ukutani: maisha matatu, ya ziada kwa 10,000. Uvumi mwingi utakufa kwa karatasi hiyo.

Lakini lile la kona si uvumi. Hilo ni kosa la kabati lako, na wateja wana haki. Chini ya kijiti kuna swichi ndogo nne, moja kwa kila upande. Gemu hii iliandikwa kwa kijiti cha njia nne. Makabati ya gemu 60 huuzwa na kijiti cha njia nane, na ukikisukuma pembeni kidogo tu, swichi mbili zinabonyea pamoja, juu na kulia kwa mfano. Mashine inapokea amri mbili kwa wakati mmoja, inachukua moja na kuiacha nyingine, na iliyoachwa ndiyo uliyokusudia. Fungua kwa chini, kabati likiwa limechomolewa, utaona sahani ya plastiki yenye tundu inayozunguka kijiti. Tundu likikaa mraba wa kawaida, kijiti kinaingia kwenye pembe. Likigeuzwa likakaa kama kipande cha kashata kilichosimama kwa ncha, kijiti kinateleza kwenye njia nne tu. Vijiti vingi vinaruhusu sahani hiyo igeuzwe. Chako kisiporuhusu, nunua kinachoruhusu.

Sitakuficha hasara yake. Kwenye bodi hiyo hiyo kuna gemu zinazotaka njia nane; 1942 kwa mfano, ndege itakuwa haikati pembeni kabisa. Donkey Kong na Dig Dug zitafurahi na nne, Galaga inataka kushoto na kulia tu. Kwa kuwa umesema watoto wanapigania Pac-Man, mimi ningegeuza sahani nikawaambia wa ndege watumie pleistesheni. Lakini wewe ndiye unayejua nani anakuletea sarafu.

Ukiwa huko chini, bonyeza swichi moja moja kwa kidole. Kila moja inapaswa kutoa mlio mkavu, tik. Ile inayosita au kukaa kimya imeshikwa na kutu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vyuma vidogo, na kabati lililokaa karibu na mlango upande wa baharini huzeeka haraka kuliko lenzake la bara. Usijaribu kuipaka mafuta ya kupikia, nimeyaona hayo pia. Badilisha swichi.

Na mkono wako nao una kosa dogo. Unakunja ukishafika konani. Pac-Man anaruhusiwa kuanza kukunja nukta chache kabla ya kufika katikati ya njia panda, akaikata kona kwa mshazari, na vizuka hawana ruhusa hiyo. Sukuma kijiti mapema, ukishikilie, yeye atakunja mwenyewe njia ikifunguka. Kila kona unachuma kidogo, na kona tano mfululizo zinatosha kumwacha mwekundu. Ndiyo sababu mchezaji mzuri akifukuzwa huingia kwenye vichochoro vya kona nyingi, na mgeni hukimbilia njia iliyonyooka.

Mwanao amefanya jambo la akili. Njia za kukariri hufanya kazi kwenye Pac-Man kwa sababu hakuna bahati nasibu ya kweli mle ndani. Hata wanapokuwa wa buluu wakaonekana wanatangatanga, namba zinazowaongoza huanza upya mahali pale pale kila raundi inapoanza na kila ukifa. Ukifanya hatua zile zile kwa wakati ule ule, nao watafanya yale yale, leo na mwaka ujao. Akichelewa kona moja tu, mambo yote yanaharibika, na hapo mtoto aliyekariri bila kuwajua vizuka hana pa kushika. Amshike kwanza wa waridi, kukariri kutakuja kwa urahisi. Na kama bodi yenu imewekwa lile toleo la haraka, njia za kwenye video hazitalingana hata kidogo, kwa hiyo angalieni hilo kabla hajajilaumu.

Ms. Pac-Man ni gemu nyingine kwa hakika, si dada wa kufanana. Ilitoka 1982, ilianzia kwa vijana wa kampuni ya Kimarekani ya General Computer waliokuwa wakitengeneza gemu ya kuibadilisha Pac-Man, nao walilijua tatizo hili la watu kukariri. Wakaweka mizingile minne badala ya mmoja, matunda yanayotembea, na mwanzoni mwa raundi mwekundu na waridi hutawanyika kwa bahati nasibu badala ya kwenda pembeni kwao. Hapo video haimsaidii. Mimi naipenda zaidi hiyo, lakini naona watoto wakiianza kabla ya ile ya kwanza hukata tamaa mapema.

Ama la mwisho, mwambie ndiyo, ina mwisho, ila hakuna aliyeukusudia. Mashine huhifadhi namba ya raundi kwenye baiti moja, na baiti moja haiwezi kuhesabu zaidi ya 255. Raundi ya 256 ikifika, ile sehemu ya programu inayochora matunda chini ya kioo hupoteza hesabu, ikaendelea kuchora na kuchora hadi nusu yote ya kulia inajaa herufi na vipande vya rangi visivyo na maana. Kushoto bado kuna mzingile na punje zake, vizuka bado wanafukuza. Kulia unaingia kama kipofu, na punje zilizobaki hazitoshi kuimaliza raundi. Aliyekula kila kitu tangu mwanzo, kila tunda, kila kizuka wa buluu, bila kufa hata mara moja kabla ya raundi hii, anaweza kuishia hapo na alama 3,333,360, na hakuna namba iliyo juu ya hiyo kwenye mashine hii.